Nyota imeanguka nyuma ya mapaa, mtoto anauliza zitaisha lini

MamaTunu

Wanajamvi, naomba msaada, mwanangu kanishinda.

Juzi usiku joto lilitutoa ndani, tukajilaza nje mimi na Tunu, ana miaka 8. Saa 4 na dakika 47 (najua kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimeweka simu chini) kitu kikawaka angani upande wa kaskazini. Kijani, king'avu kuliko nyota yoyote, kikashuka kwa mshazari na kutokomea nyuma ya mapaa ya jirani. Neno "tazama" sikulimaliza. Kiliacha mstari hafifu kama chaki iliyofutwa vibaya, nao ukayeyuka.

Nikamwambia nyota imeanguka. Basi, nimejitafutia. "Ilikuwa ipi?" Sijui. "Pale ilipokuwa sasa pana nini?" Sijui. "Zikiendelea kuanguka hivi si zitaisha?" Hapo nikamwambia alale.

Asubuhi akaniamsha twende nyuma ya nyumba ya jirani tukaitafute. Tulikwenda, nakiri. Tuliambulia kopo na kandambili moja ya kushoto. Sasa nauliza kwa niaba yake na yangu: kile ni nini, kilitoka wapi, na kimeangukia wapi?

Kijiwe_Hakilali

Setilaiti hiyo mama. Zimejaa huko juu, zikichoka zinaanguka. Mwambie mtoto ni vyuma chakavu.

Lindo_la_Usiku

Kijana wa Kijiwe, taratibu. Chuma chakavu kikirudi kutoka kwenye mzunguko wa Dunia huja kwa mwendo usiozidi kilomita 8 kwa sekunde, tena kimelalia hewa. Hujikokota nusu dakika na zaidi, kikimeguka vipande vinavyofuatana kama msafara. Unapata nafasi ya kumwita jirani atoke aone. Mama Tunu neno moja halikumtoka lote. Hicho ni kimondo.

Mimi ni mlinzi wa usiku. Shule yangu haikufika mbali, ila lindoni nimesoma sana. Huu ni mwaka wa sita nahesabu vimondo. Nina daftari la magari yanayoingia na kutoka: kurasa za mbele magari, za nyuma vimondo. Msimamizi alilikagua siku moja akataka kujua hilo gari "jeupe, la haraka, kusini-mashariki" ni la nani na kwa nini halikusimamishwa getini.

Mwambie Tunu hakuna nyota iliyotoka mahali pake. Kila nyota ni jua, ila liko mbali mno. Hili Jua letu peke yake, ukitaka kulikata katikati kwa mstari wa Dunia zilizopangwa sambamba, utahitaji Dunia 109. Kitu cha namna hiyo hakiangukii nyuma ya mapaa ya mtu. Usiku mtoke tena, mtafute zile nyota tatu zilizojipanga mstari, mkanda wa Jabari, mzihesabu. Kesho mrudie. Zitakuwa tatu.

Mlichokiona ni kijiwe. Vimondo vingi ninavyoandika ni punje za ukubwa wa mchanga. Hicho chenu, kwa ung'avu huo, kilikuwa kikubwa zaidi, pengine kama kokoto. Kati ya sayari na sayari si kutupu kama tunavyodhani, kuna vumbi na vijiwe. Vingine ni vipande vya sayari ndogo zilizogongana zamani. Vingi ni takataka za nyotamkia. Nyotamkia ni bonge la barafu lililochanganyika na vumbi. Likikaribia Jua barafu inageuka mvuke, vumbi linafumuka, na linabaki limetapakaa kwenye njia yake yote kama mchanga unaovuja kwenye lori bovu.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nianze daftari. Tunasema kimeanguka. Kijiwe kile hakikuwa kinakuja kwetu. Kilikuwa kinazunguka Jua na njia yake, na sisi ndio tulioingia njiani. Dunia inakimbia karibu kilomita 30 kila sekunde, na kila kinachokaa mbele yake inakigonga.

Ushahidi ninao mwenyewe. Usiku wa kawaida, anga safi, kuanzia saa 3 hadi saa 5 napata viwili au vitatu kwa saa. Kuanzia saa 9 hadi saa 11 alfajiri napata nane, tisa, mara nyingine zaidi. Mwaka wa kwanza nilidhani ni macho yanazoea giza. Macho huzoea ndani ya dakika 20 au 30, hayahitaji usiku kucha. Sababu ni kwamba jioni umesimama upande wa nyuma wa Dunia, ule unaoacha njia. Kinachokufikia ni kile tu chenye mbio za kutukimbilia kwa nyuma. Baada ya usiku wa manane Dunia imeshajizungusha ikakuhamishia upande wa mbele. Muulize dereva: wadudu hujaa kioo cha mbele, cha nyuma hata mmoja. Kijiwe kinachotufuata kwa nyuma huweza kuingia kwa kilomita 11 kwa sekunde. Kinachokutana nasi uso kwa uso hufika 72.

Hiyo saa 4:47 nilikuwa nakagua kufuli la geti la nyuma, penye paa. Miaka sita ya daftari, na mkubwa kama huo umenipita nikiwa natazama kufuli.

MamaTunu

Shikamoo mzee. Nimecheka hadi Tunu akaja kuuliza kuna nini. Nimemsomea. Mkanda wa Jabari tumeuhesabu, tatu, ameridhika na swali la kwanza.

Lakini kokoto inawaka vipi? Na ule ukijani? Halafu mzee hujasema kimeangukia wapi. Tunu anasema tulikosea nyumba.

Mwl_Fizikia

Naomba niingie hapo kwenye kuwaka, kwa sababu kila mwaka wanafunzi wangu huniandikia "msuguano" na mimi huwapa nusu ya alama.

Mama Tunu, umewahi kuziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole kisha ukasukuma? Chini pale panapata moto. Hujasugua kitu, umebana hewa, na hewa ikibanwa ghafla hupata joto. Kijiwe kikubwa kidogo kinachokuja kwa kilomita 30 kwa sekunde hakiipi hewa ya mbele yake nafasi ya kupisha. Inarundikana, inabanwa, inafikia joto la maelfu ya nyuzi. Ikiwa ni punje ndogo kabisa, kule juu hewa ni nyembamba kiasi kwamba molekuli zinaigonga mojamoja, kila moja ikiwa kama risasi. Kwa vyovyote uso wa kijiwe unageuka mvuke, tabaka kwa tabaka. Mwanga mnaouona mwingi ni wa huo mvuke na hewa inayouzunguka. Kwa hiyo mnaona kitu kipana kuliko kijiwe chenyewe, na ndiyo sababu kokoto huonekana kutoka umbali wa mamia ya kilomita.

Nishati nayo si ndogo. Chukua gramu moja kwa mwendo huo wa kilomita 30 kwa sekunde. Fanya hesabu: ni sawa na gari la tani moja linalokimbia kilomita 108 kwa saa. Gramu moja! Na yote inaishia ndani ya sekunde moja au mbili.

Ukijani: kila elementi ikichomwa ina rangi yake. Sodiamu ni manjano ya kuelekea chungwa, ndiyo rangi unayoiona chumvi ikimwagikia motoni. Magnesi hutoa kijani cha kuelekea buluu, kalsiamu zambarau. Oksijeni ya hewani nayo ina kijani chake, hasa vimondo vikiwa na kasi. Kwa rangi peke yake siwezi kuapa ni ipi iliyotawala kwenye kimondo chenu.

Dereva_wa_Masafa

Ngojeni kwanza. Saa 4:47, kijani, kikaacha mstari? Nimekiona. Nilikuwa barabarani, tumesimama kukagua tairi. Ila mimi nilikiona KUSINI. Mama Tunu anasema kaskazini. Mmoja wetu kachanganya.

Na la wadudu ni kweli mzee. Kioo cha mbele nakiosha kila kituo.

Lindo_la_Usiku

Hakuna aliyechanganya! Hii ndiyo bahati niliyoitafuta miaka yote. Andikianeni faragha mjue mko umbali gani. Kisha kila mmoja anyooshe mkono wote mbele, akunje ngumi, kidole gumba juu. Ngumi moja kwa mkono ulionyooka ni kama digrii 10. Pale kilipozimika palikuwa ngumi ngapi juu ya upeo wa macho?

MamaTunu

Mbili. Tunu naye kasema mbili, ila ngumi yake ni ndogo.

Dereva_wa_Masafa

Tatu. Nimepanda juu ya lori kupima, utingo wangu anadhani nimepagawa. Kati yetu ni kama kilomita 380, na yeye yuko karibu kabisa na kusini kwangu.

Lindo_la_Usiku

Mkono wa Tunu nao ni mfupi, kwa hiyo ngumi yake inafaa vilevile.

Nimechora nyuma ya daftari. Pembetatu, kitako chake kilomita 380, upande mmoja umeinuka digrii 20, wa pili digrii 30. Kimo kimetoka kama kilomita 85. Sikuhesabu mviringo wa Dunia, na ngumi si rula, kwa hiyo ongezeni au punguzeni kadhaa. Lakini oneni: kitu kilichozimikia "nyuma ya mapaa ya jirani" kilikuwa kilomita 85 kwenda juu, na kwa mama Tunu zaidi ya kilomita 230 mbele. Vimondo vingi huwaka kati ya kilomita 120 na 70 juu, nasi tumeangukia humohumo kwa ngumi tu.

Mchezo huu si wetu. Mwaka 1798 wanafunzi wawili wa Göttingen, Ujerumani, Brandes na Benzenberg, waliachana kilomita kadhaa, kila mmoja akichora vimondo alivyoviona usiku uleule. Walipolinganisha michoro walipata vimo vya karibu kilomita 100. Kabla ya hapo watu wazima wenye elimu waliamini ni mivuke ya humuhumu hewani inayoshika moto, kama radi. Miaka minne nyuma Chladni, mwanasayansi Mjerumani, alikuwa ameandika kwamba mawe yanatoka nje ya Dunia na wengi wakambeza.

Kwa hiyo Tunu hakukosea nyumba, na kandambili ile haina hatia. Kokoto kama hiyo huisha yote huko juu, ikabaki vumbi lisiloonekana linalochukua siku nyingi kutua. Kikiwa kikubwa zaidi, kipande huweza kusalimika. Lakini hata hicho, kikipoteza kasi yake ya angani huzimika kikiwa bado juu kilomita 20 au 30, kisha hushuka kimya gizani kama jiwe lililodondoshwa. Ukiona kimewaka mpaka kikagusa mti, macho yamekudanganya. Upeo ndio uliokimeza.

Vikubwa vya kweli vipo. Kule Namibia kuna Hoba, tani 60 hivi za chuma, hakijawahi kuhamishwa tangu kipatikane mwaka 1920. Mbozi nacho tani 16 hivi. Na tarehe 15 Februari 2013 huko Chelyabinsk, Urusi, liliingia jiwe la upana wa mita 20 hivi, likapasukia kama kilomita 30 juu. Watu waliona mwanga, wakasogea madirishani kutazama. Mshindo ulifika zaidi ya dakika moja baadaye, na vioo ndivyo vilivyojeruhi wengi, karibu watu 1,500. Mwanga mkubwa namna hiyo, ondoka dirishani. Mengine utayaona kwenye video.

Kijiwe_Hakilali

Nimefuta ya setilaiti moyoni. Ila mzee, swali la tatu la mtoto umelikwepa. Zitaisha au haziishi?

Lindo_la_Usiku

Sikulikwepa, nililiweka la mwisho kwa sababu ni bora kuliko yote.

Nyota haziishi kwa njia hiyo, hilo tumemaliza. Vimondo ndivyo vinavyoweza kuisha. Kulikuwa na nyotamkia ikiitwa Biela, ikirudi kila baada ya miaka 6 na ushee. Mwaka 1846 ikaonekana imepasuka vipande viwili. Mwaka 1852 vikarudi vyote viwili, vimeachana. Baada ya hapo haikuonekana tena. Watu wakaingoja bure. Halafu usiku wa tarehe 27 Novemba 1872, Dunia ilipokatiza njia ya marehemu, vimondo vikamiminika maelfu kwa maelfu. Mwaka 1885 tena. Leo kundi lile limebaki jina tu, kwa kuwa mvuto wa sayari, hasa Mshtarii, umelisogeza vumbi pembeni. Tunu kauliza swali la watu wazima.

Upande wa pili, mengine yanaendelea kulishwa. Agosti 12 na 13 tunapita kwenye vumbi la nyotamkia Swift-Tuttle, ambayo huzunguka kwa miaka kama 133. Schiaparelli, mtaalamu wa nyota wa Italia, ndiye aliyeunganisha vimondo vile na nyotamkia hiyo mwaka 1866, na ilipita mara ya mwisho mwaka 1992. Halley haitarudi mpaka 2061, lakini vumbi lake tunaligonga mara mbili kila mwaka, Mei na Oktoba. Tunu atakuwa na wajukuu pengine, ila makombo ya Halley anaweza kuyaona mwaka kesho.

Na mama Tunu, una bahati ya kalenda. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, yaani keshokutwa, ni vimondo vya Mapacha, lile kundi la nyota. Hivi havina nyotamkia. Vinatoka kwenye kitu cha mawe kiitwacho Phaethon, kilichogunduliwa mwaka 1983, kinacholikaribia Jua kuliko Zebaki. Huja kwa kilomita 35 kwa sekunde, si wa haraka sana, ving'avu. Anga ikiwa nyeusi kabisa huzidi mia kwa saa. Penye taa tarajia sehemu ndogo ya hizo. Mwamshe saa 8 usiku. Vitaonekana kama vinatawanyika kutoka Mapacha, lakini hilo ni jicho tu, kama reli mbili zinavyoonekana kukutana mbali, vinakuja sambamba. Usiyakodolee Mapacha, tazama popote penye giza. Simu ibaki ndani, hata ya kuangalia saa. Ukiiwasha mara moja, macho yanaanza upya.

MamaTunu

Mzee, tumetoka saa 8 kamili. Dakika kumi za kwanza hakuna kitu, Tunu akaanza kusema labda hivi navyo vimeisha. Kisha kimoja, juu kabisa, cheupe. Akapiga kelele jirani akawasha taa ya nje, tukapoteza macho yote tukaanza upya.

Mpaka saa 9 nimehesabu 19. Yeye anadai 20, anasema mmoja ulipita nilipokuwa nafunga kitambaa. Amechukua daftari la hesabu la shule, kaandika kwa nyuma.

Lindo_la_Usiku

Mwambie aandike 20, na pembeni ya huo mmoja aweke alama ya kuuliza. Na saa ya kuanza na ya kumaliza asisahau. Mimi nilipata 41 na magari mawili.